Mguu wa Nyuma, Kushoto

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Leo mchana nimelala saa mbili nzima ndani ya gari langu, na gari halijatoka uani. Raha iliyoje! Ni gari na ni nyumba: kitanda, jiko, choo cha kukunja magoti, na dirisha juu ya mto. Ukiyatazama mawingu sana, mawingu yanasimama na gari ndilo linaloondoka. Nimefika mbali leo.

Nimeamka kichwa kimegota ukutani, miguu iko juu. Gari limeinama. Kasoro ndogo tu. Chini yake kuna jeki nne za kuliweka sawa likiegeshwa penye mwinamo. Sisi tunaziita miguu. Mitatu mizima. Wa nyuma, kushoto, ukishanyanyua gari unanywea taratibu, kama mtu anayesinzia kikaoni.

Mama Watoto ametoa sharti moja. Safari ni Jumamosi. Gari likikaa sawa, atakuja. Lisipokaa sawa, anapanda basi kwenda kwa dada yake mwezi mzima, kwa sababu kulala kwenye mteremko kunampa kizunguzungu. Nikasema sawa. Akasema hataki sawa ya mdomoni, hiyo ameishi nayo miaka thelathini na moja. Anataka sawa ya sakafuni.

Sitaki kwenda peke yangu. Naandika hapa kwa kuwa kumwambia siwezi.

Jumanne, tarehe 6

Mama Watoto amependekeza tumwite shemeji. Shemeji ni mdogo wake, fundi wa magari ya kumwaga mchanga, anaishi ng'ambo ya ua. Hizi jeki anazijua. Katu! Mara ya mwisho aliponitengenezea pampu alipiga mluzi mwanzo hadi mwisho. Mtu anakuaibisha, na wimbo juu!

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimegundua tatizo papo hapo: vyuma vya miguu vimekauka. Nimevipaka grisi, kopo zima. Vikang'aa! Nikajinyoosha mkekani kuvitazama, usingizi ukanichukua. Nikaota nyumba yetu inatembea kwa miguu yake minne, polepole, kwenye majani marefu, na Mama Watoto yuko dirishani anamenya chungwa. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Nimeamka upepo umepita. Miguu yote imevaa soksi za vumbi.

Shemeji akachungulia uani. Akasema vyuma vile hufutwa kwa kitambaa kikavu, basi. Grisi inashika mchanga, na mchanga unakula mpira unaozuia mafuta ndani ya jeki. Nikamwambia upepo umetokea upande wake.

Jumatano, tarehe 7

Mafuta! Jeki zinaendeshwa na mafuta. Nikashusha miguu yote minne, nikafungua tangi la jeki. Karibu tupu! Ndiyo maana! Nikajaza hadi shingoni.

Shemeji, kutoka uani kwake, akauliza kama nimekunja miguu kwanza, maana mafuta hupimwa miguu ikiwa imekunjwa. Nikamjibu kwamba kila mtu ana mafuta yake. Nikabonyeza kitufe cha kukunja.

Kumbe mafuta hayakuwa yamepotea. Yalikuwa ndani ya miguu. Yakarudi nyumbani yote kwa pamoja, yakakuta nyumba imejaa. Tangi liko kwenye kabati la pembeni, na kwenye kabati hilo Mama Watoto alikuwa ameshapanga mashuka ya safari. Meupe. Mafuta ni mekundu. Yaliyomwagika hayazoleki, nimejaribu kwa kijiko.

Mama Watoto aliyatazama mashuka, akasema sawa. Sawa hiyo naijua. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 8

Wazo limenijia nikinywa chai. Mguu ukikataa, si nyumba ikubali?

Nimefanya kazi tangu asubuhi, msumeno mkononi. Nimeacha gari liiname linavyotaka. Nimekata miguu ya meza upande wa kulia. Nimechomeka mbao chini ya godoro. Mapazia nimeyatundika upya, yafuate mwinamo, jicho lisishtuke. Nikaweka bilauri ya maji mezani. Maji yametulia tuli! Nilitaka kulia kwa uzuri wake.

Nikamwita Mama Watoto. Akaingia, akalala kitandani, akafumba macho. Akasema sawa kabisa. Kabisa! Nikajilaza pembeni. Akanishika mkono, akauliza tumefika wapi. Nikamwambia bado kidogo. Akacheka, akasema basi niendeshe taratibu. Tulikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani, na moyo wangu ulikuwa umejaa hadi unauma.

Nusura nimwambie kuhusu msumeno. Sikumwambia.

Ijumaa, tarehe 9

Balaa.

Nilikwenda dukani kununua sukari. Nimerudi, nimekuta miguu miwili imetokeza chini ya gari. Ya binadamu. Kisha nikasikia mluzi.

Mama Watoto alikuwa amemwomba shemeji aukague mguu ule kabla ya safari, iwe zawadi kwangu. Shemeji amebadilisha mpira, amefuta grisi yangu, amekunja miguu, amepima mafuta. Dakika arobaini. Akaishusha tena, gari likakaa sawa.

Ndani, bilauri ikateleza mezani, ikapasuka. Shemeji akaweka pimamaji, kile kipimo cha usawa, sakafuni: kiputo katikati. Akaiweka mezani: kiputo kikakimbilia pembeni. Akatazama miguu ya meza. Akatazama unga wa mbao. Akanitazama mimi. Mluzi ukakatika.

Mama Watoto akaniuliza, kwa upole, kama ile sawa aliyoisema jana niliipiga msumeno pia. Kisha akaanza kufunga begi.

Nikasema kweli. Nikasema lile basi lake linanitisha kuliko mteremko wowote. Kwamba gari hili nililitaka ili yeye alale na dunia ipite dirishani. Kwamba peke yangu sitafika hata kituo cha mafuta. Shemeji alisoma dari muda wote.

Akaketi juu ya begi mpaka chai ikapoa. Akasema atakuja, ila nisiguse kitu chochote chenye nati. Nikaapa.

Jumamosi, tarehe 10

Tumeondoka! Mama Watoto kaimba njia nzima. Sijagusa kitu.

Jumapili, tarehe 11

Tumeegesha juu ya kilima chenye nyasi. Shemeji sijui atasema nini, lakini jeki zake zimeshika barabara. Mchana mtulivu. Mama Watoto amelala fofofo, mdomo wazi kidogo, upepo unacheza na pazia. Sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Tatizo ni meza tu. Imeinamia kulia, kalamu inabiringika, naandika nimeizuia kwa kiwiko. Nimefikiri kwa makini. Meza nzuri. Haina kosa. Gari ndilo limezidi kunyooka. Mguu wa nyuma, kushoto, ukinywea kidogo tu, meza itakaa vizuri. Na kwenye soksi yangu kuna spana ya shemeji, niliichukua akiwa amegeuka.

Nimetoka. Nati yenyewe iko wazi kabisa. Nusu mzunguko. Robo tatu, basi.

Imelia psss. Sauti nzuri. Mama Watoto akiamka nitamwambia ardhi ya huku ni laini.