Bia Chungu ya Byron na Pua ya Ratemo

Habari ilifika kijiweni kabla chai haijachemka. Makori, ambaye soko zima la Migori lilimwita Redio kwa vile hakujua kunyamaza, alishuka kwenye baiskeli huku inatembea, akatangaza kwamba Byron Wangwe amerudi. Huyo ni yule kijana wa Kehancha aliyekwenda Uingereza kusomea kutengeneza bia. Sasa amekodi nyumba kule Uriri, bia yake ya kwanza imeiva, na mchana huo analeta chupa sita zionjwe na kijiwe kabla ya mtu mwingine yeyote duniani.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1996, na kijiwe kilikuwa mabenchi mawili nje ya kibanda cha chai cha Orpah, kando ya barabara ya Isebania. Orpah alikuwa Msabato wa kweli. Alisema wakitaka kunywa sumu wanywe, lakini kikombe chake hakitaguswa. Redio akaenda kutafuta mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia ya Kimbo.

Waliobaki walimgeukia Ratemo. Yeye walimwita Pua. Kazi yake ilikuwa kupanga tumbaku ya wakulima kwa madaraja pale ghalani, na ilisemekana akinusa robota la tumbaku atakwambia lilikaushwa kwa kuni za mti gani. Hata busaa, ile pombe ya kienyeji, akiinusa tu, alimtaja mama aliyeipika. Basi walikubaliana kwamba Pua ndiye atakayetoa hukumu.

Lakini tangu alipougua homa mwezi wa nne, pua ya Ratemo ilikuwa pambo la uso tu. Hakunusa moshi, sabuni wala samaki. Chakula chote kilikuwa kama karatasi iliyoloweshwa. Hakumwambia mtu, hata mkewe Moraa, ambaye juzi alikuwa amemtilia shaka sana aliposifu samaki aliyeungua. Kule ghalani aliangalia rangi ya jani, akaangalia uso wa mkulima, akabahatisha.

Mmoja wa aliowabahatishia alikuwa ameketi mbele yake. Huyu ni Ryoba, jina la kijiweni Wakili, aliyekaa kortini miaka mitatu kwa kesi ya mtamba mmoja, akatoka bila mtamba lakini na maneno mengi. Mwezi uliopita Ratemo alimpa daraja la tatu kwa marobota manne. Wakili, aliyedai la kwanza, akakataa kutia sahihi, marobota yakasukumwa pembeni mwa ghala, na tangu siku hiyo alikuwa akimweleza kila mpita njia kwamba Pua anakula hongo.

Byron alifika na chupa zake ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Alimimina kidogo kidogo huku akieleza. Ndani kuna maua yanaitwa hopsi, amekuja nayo kutoka Uingereza. Mtu akitulia atasikia harufu ya ganda la chungwa, halafu kwa mbali utomvu wa msonobari.

Redio aliuliza ni nani Migori hii aliwahi kulalamika kwamba bia yake imekosa msonobari. Kisha akaonja, akageuka, akatema barabarani.

"Omera, ndugu yangu, hii ni kwinini," alisema. "Mimi sina malaria."

Wakili alichukua funda moja, akalizungusha mdomoni, akatangaza kwamba ni maji ya kuchemshia mwarobaini, na kwamba kuna kifungu cha sheria. Byron aliukaza uso asionekane ameumia. Miaka minne ng'ambo, na hukumu ilikuwa mate barabarani.

Ratemo akainua mkebe wake. Alikuwa amepanga kukunja uso, atikise kichwa, aseme ina kasoro fulani. Lakini ule uchungu ulipopiga nyuma ya ulimi, ulipiga kweli. Ulishuka hadi kooni, ukakaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mitano kinywa chake kumwambia jambo kwa sauti. Alikunywa tena, mkebe ukaisha, naye akaona macho yake yamejaa machozi.

"Niongeze," alimwambia Byron. "Hii ni bia nzuri kuliko zote nimewahi kunywa."

Wakili alisimama.

"Mmeona? Amekulipa ngapi huyu? Ni vile tu unafanyaga na tumbaku ya watu."

"Hajanilipa kitu, Ryoba." Ratemo aliuweka mkebe chini polepole. "Pua yangu ilikufa. Sinusi chochote tangu mwezi wa nne. Huu uchungu ndio kitu ya kwanza nimesikia."

Orpah, asiyependa jambo la kuambiwa tu, alichukua chupa ya mafuta ya taa ya stovu, akamfumba Ratemo macho kwa kiganja, akamshikia chupa chini ya pua na kumuuliza ni nini. Ratemo alivuta pumzi mara tatu. Akasema labda ni chai.

"Kwa hivyo ile daraja ya tatu?" Wakili aliuliza, sauti imepungua.

"Nilibahatisha. Nisamehe, ndugu yangu."

Wakili akasema, kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, kwamba anaweza kumsaidia. Awe anaenda naye ghalani, yeye anuse, Ratemo aandike.

"Na yako nani atanusa?"

"Yangu inajulikana," Wakili akasema. "Haina haja."

Ratemo hakuukubali ule msaada. Alimaliza chupa tano zilizobaki za Byron, akalala kama mtoto, na Jumatatu asubuhi akaenda mwenyewe kwa mkubwa wake akasema ukweli. Kazi ya kupanga madaraja aliipoteza. Akapelekwa kwenye mizani, ambako macho yanatosha. Byron alipata mteja wa kwanza, na kwa muda mrefu wa pekee.

Mpanga madaraja mpya aliletwa kutoka Kehancha, mzee mkavu asiyecheka. Mkubwa alimwambia aanze na yale marobota manne ya Ryoba, aliyeonewa. Mzee alipiga magoti, akatia pua katika kila robota, akanusa mara mbili.

Aliandika daraja la tano, chini kuliko lile la Ratemo, na robota la mwisho likapata la sita kwa sababu ya ukungu.

Siku tatu Wakili hakuonekana kijiweni. Ya nne alikuja, akaketi kando ya Ratemo bila salamu, akaomba mkebe wa ile bia chungu, akaunywa wote bila kutaja sheria yoyote.