Udongo Wangu Uko kwa Lusenge

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Daftari jipya, msimu mpya, Mumbere mpya! Nimelinunua Butembo, nilikokwenda kuulizia kazi ya kuuza simu. Kazi haikupatikana, daftari likapatikana. Basi nitakuwa mkulima. Mkulima wa akili.

Shamba lililobaki ni moja, lile la mlimani nyuma ya nyumba. Lile la mbali, upande wa msitu, hatuendi tena kwa sababu ya usalama. Leo mke wangu Jokébed amenikabidhi mbegu za maharagwe, bakuli nne, zimefungwa katika kitambaa chake cha kwenda kanisani. Akaniambia: "Baba Christa, mbegu ni hii tu. Ingine haiko." Akaongeza kwamba maharagwe haya yasipotoka, Desemba watoto watakula mara moja kwa siku. Nimemwambia aondoe wasiwasi. Hakuuondoa.

Jumanne, 10 Septemba

Amekuja Delphin, agronome wa koperative, yaani bwana shamba wa ushirika wetu. Kijana mdogo, buti safi. Anasema mlima wangu ni mkali mno, kwa hiyo matuta yakingame mteremko, na kila baada ya hatua kumi nipande mstari wa setaria, majani yenye mizizi ya kushika udongo. Ameniazima pembetatu ya miti yenye kamba na jiwe, ya kupimia mistari isiende juu wala chini.

Alipoondoka nikapiga hesabu. Mistari minne ya majani ni nafasi ya nusu bakuli ya maharagwe. Sisi ni mbuzi? Tena kulima kwa kukingama ni mateso, mguu mmoja juu na mwingine chini siku nzima. Nimelima na kupanda kutoka juu kwenda chini, matuta yamenyooka vizuri kabisa. Mvua ikija, maji yatashuka haraka na kwenda zake bila kumsumbua mtu. Pembetatu inafaa sana kuanikia suruali.

Jumapili, 15 Septemba

Ibada ndefu. Mchungaji amemsifu Lusenge mbele ya watu wote, eti anatunza uumbaji wa Mungu. Lusenge! Tulisoma darasa moja, na tangu wakati ule hajawahi kuniacha nishinde kitu hata kimoja. Shamba lake liko chini ya langu, tunapakana. Ana setaria kila mahali, mbuzi wake wamenenepa kama wachungaji.

Baada ya ibada Delphin ametangaza kwamba Jumamosi koperative itatembelea mashamba. Mwenye shamba linalotunzwa vizuri kuliko yote atapewa mbuzi jike na bakuli kumi za mbegu. Bakuli kumi! Wimbo wa mwisho sikuuimba, nilikuwa nafikiri.

Jumatano, 18 Septemba

Maharagwe yametoka! Kila mche una majani mawili. Jokébed amepanda mlimani kuyaona asubuhi na jioni, na jioni amecheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini. Nimefurahi mpaka nikasahau kula, jambo ambalo hapa nyumbani siku hizi ni msaada.

Ijumaa, 20 Septemba

Kesho wageni wanakuja. Nimemwomba Lusenge setaria kwa heshima zote. Amekubali, lakini anasema niende Jumatatu, anichimbie yenye mizizi. Jumatatu! Anajua fika kwamba kesho ndiyo kesho. Wivu tu.

Nimeshuka bondeni na panga, nimekata mashina marefu mabichi, nimeyachomeka ardhini mistari minne. Saa moja tu, kazi imekwisha. Delphin anasema mtu anahitaji wiki nzima. Ndiyo maana nchi haiendelei.

Jumamosi, 21 Septemba

Jua lilikuwa kali. Wageni walipofika setaria ilikuwa imelala chini yote, kama watu waliochoka na hotuba. Nimeeleza kwamba ni mchana, inapumzika.

Delphin akashika shina moja, likatoka mkononi. Akalitazama chini, akatafuta mizizi. Akashika la pili. Mzee Kahongya, kapita wetu, mkuu wa kijiji, akaniuliza kama hii ni aina mpya inayoota bila mizizi. Nikasema ndiyo. Wamama wa koperative wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Jokébed hakucheka.

Mbuzi amepewa Lusenge, na mbegu pia. Akimpeleka nyumbani, yule mbuzi akakatiza shambani kwangu na kula setaria yangu yote. Angalau yeye ameithamini.

Jumanne, 24 Septemba

Mvua. Imeanza saa sita mchana, imekoma saa kumi. Maji yameshuka haraka kama nilivyopanga. Yameshuka pamoja na shamba.

Yamebaki mawe na udongo mwekundu mgumu. Mimi nilisimama mlangoni. Jokébed alikuwa nje katika mvua, anaokota miche kwenye matope mmoja mmoja na kuiweka katika kitenge chake. Nimeona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nimeona aibu sana.

Jioni Christa, binti yetu, amesema hana njaa, akamsukumia mdogo wake sahani. Ana miaka kumi na mmoja na hajui kudanganya.

Jumatano, 25 Septemba

Ugunduzi! Nimeshuka asubuhi kwa Lusenge, na nimeukuta udongo wangu. Wote! Umesimamishwa na mstari wake wa kwanza wa setaria, umerundikana mpaka magotini, mweusi, laini, mzuri ajabu. Hata maharagwe yangu yamo, mengine yamesimama wima kana kwamba yamepandwa pale.

Lusenge alikuwepo, mikono nyuma. Nimemdai udongo wangu. Amejibu kwamba udongo umekuja wenyewe, yeye hakuuita. Sikilizeni mtu huyu! Mbuzi wangu akitembea mpaka kwake, atakuwa wake? Kwanza mbuzi sina. Lakini ningekuwa naye! Nakwenda kwa kapita.

Ijumaa, 27 Septemba

NIMESHINDA KESI.

Kufungua kesi ni kuku mmoja. Nimempeleka yule wa Jokébed anayetaga, wengine hawapo. Nimesema nusu saa bila kupumzika. Udongo ule ulilimwa na baba yangu. Maharagwe yale ni mbegu zangu. Lusenge anavifuga vyote bila ruhusa tangu Jumanne, kwa hiyo anilipe na fidia ya siku tatu. Watu walinyamaza kabisa. Nadhani nimewagusa.

Kisha Lusenge akasimama na kusema maneno machache: "Udongo ni ya Mumbere, kweli. Akuje achukue. Lakini hapana kugusa setaria yangu." Akasema kitunga, kikapu cha kubebea, atanikopesha yeye mwenyewe. Sikutegemea. Nilikuwa na nusu saa nyingine tayari.

Mzee Kahongya ameamua: udongo ni wangu, nimepewa mpaka Ijumaa ijayo niuondoe wote, fidia hakuna. Kwa mara ya kwanza maishani nimemshinda Lusenge! Njiani nikamuuliza Delphin ni vitunga vingapi. Akautazama mlima, akasema mia sita, labda na zaidi. Maagronome wanapenda kutisha watu.

Jokébed ameuliza kuku wake yuko wapi. Nimemwambia habari za ushindi kwanza.

Jumamosi, 28 Septemba

Kitunga ni kazi ya wanawake, wanakibeba mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Mimi nimeazima chukudu. Pikipiki ya mbao, magurudumu mawili, inabeba magunia sita. Nimejaza udongo, nimesukuma. Kazi safi mpaka katikati ya mlima.

Hapo chukudu ikabadili mawazo. Nimeishikilia hatua nne, halafu yenyewe ikanishikilia hatua ishirini. Imesimama kwenye setaria ya Lusenge, mstari uleule wa kwanza, na udongo wote ukamwagika palepale ulipokuwa. Setaria haikuvunjika, chukudu imevunjika. Lusenge amekuja mbio kuniuliza kama nimeumia. Unafiki mtupu.

Jumatatu, 30 Septemba

Kitunga. Kamba kwenye paji la uso. Safari kumi na moja, shingo haigeuki tena. Wamama waliokuwa wakienda sokoni wamenisalimia: "Bonjour, Mama Mumbere!" Nimeitikia, kuinua mkono sikuweza.

Jokébed amefanya safari kumi na tisa. Halafu akaiondoa suruali yangu kwenye ile pembetatu, akapanda nayo mlimani, akapima mistari. Baadaye nimemwona kwa Lusenge. Amerudi na magunia mawili ya setaria yenye mizizi, ya bure, na ameipanda peke yake mpaka giza linaingia. Mistari minne. Sikumzuia, maana habari ya kuku bado haijapoa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Udongo umepanda wote! Vitunga mia sita na ishirini na kimoja, Jokébed ndiye aliyehesabu. Haki itamkwe: jana na leo Lusenge na mke wake wamebeba pia, wamama wa koperative pia, na Delphin, buti zake si safi tena. Mimi nimesimamia, kwa sababu ya shingo.

Miche iliyookolewa imenyauka, basi. Jioni Lusenge ameleta mbegu, bakuli nne, katika zile kumi alizoshinda. Amesema hizi ndizo anazoweza kutoa, nyingine amekwisha kupanda. Nimezipokea ili nisimvunje moyo. Jokébed amezipokea kwa mikono miwili, akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Baadaye ameniambia polepole, bila hasira, na hilo limenitisha kuliko hasira: hizi zikienda na maji, hatuna mahali pengine pa kuomba. Nimemwapia kwamba haziendi popote.

Ijumaa, 4 Oktoba

Jokébed na Christa wameondoka alfajiri kwenda Butembo kuuza avoka, yaani maparachichi. Wataikuta kazi imekwisha. Nataka kumfurahisha. Anastahili.

Nimekwea mlimani na mbegu zote. Udongo mweusi, laini, jembe linaingia kama kwenye siagi. Kitu kimoja kinasumbua: ile mistari ya setaria. Kwanza imekaa kinyonge, imenyauka kidogo, nashangaa Delphin anaona nini ndani yake. Pili, imekata shamba vipandevipande, mtu hawezi kunyoosha tuta moja tu la maana. Tatu, ni ile nusu bakuli. Bakuli nne hazina pa kukaa. Nawaza watoto wangu, halafu niwape majani nafasi ya chakula? Hapana. Baba ni baba.

Nimeing'oa. Si yote, mimi si mtu wa kupita kiasi. Mstari wa juu, karibu na nyumba, nimemwachia Jokébed kwa sababu ameupanda kwa mkono wake. Mitatu ya chini nimeing'oa na mizizi, nikaenda kumpa yule mbuzi wa Lusenge. Ujirani mwema. Halafu nikapanda maharagwe yote kutoka juu kwenda chini, matuta yamenyooka, ukisimama mlangoni unayaona yote kwa jicho moja. Saa nane nimemaliza. Sijawahi kujivunia kazi yangu hivi.

Saa tisa wingu zito upande wa Beni. Vizuri, mbegu zinahitaji maji. Matone ya kwanza yameanguka nikiwa nashuka kwa Lusenge, maana mwanamume huweka mambo wazi mapema. Nimemwonya: udongo wangu ukija tena kwake, asiuguse, asipande kitu ndani yake, asijifanye hakuuita. Kesi nilikwishashinda.

Lusenge hakubishana. Alimtazama mbuzi wake anavyotafuna, akautazama mlima, akalitazama wingu. Kisha akaniuliza kwa upole kama kitunga nakichukua sasa hivi au kesho.

Nimemwambia kesho, maana leo mvua inanyesha.