Asali ya Baba Mkwe

Jumatatu, 8 Juni 1992
Siku tano tu nimuoe Winfrida! Leo nimepeleka debe la asali, kitu cha mwisho katika mahari. Baba yake, Mzee Philipo, kaonja. Kaonja tena. Roho mkononi. Kisha akasema ni tamu, imefanana na ya mzinga wake uliokombwa na mwizi wiki iliyopita. Nikasema nyuki wa hapa Mungaa ni wale wale.

Mwizi ni mimi. Asali yangu nilimpa Abdulmajidi, mfanyabiashara wa mjini, kwa redio ya kaseti. Tangu biashara iachiwe huru lori lake halikauki hapa. Ningefanyaje? Redio ina spika mbili!

Jumatano, 10 Juni
Balaa! Padri Clement kasema bila kuungama hakuna ndoa. Sijalala. Mpango: niipenyeze asali katikati ya dhambi ndogo, haraka haraka.

Jioni nimeungama. Nimelewa mara mbili, nimemtukana jirani, asali, nimesinzia kwenye rozari... Padri akauliza asali ya nani. Jasho! Nikamtaja Mzee Philipo. Akauliza kama niko tayari kuirudisha. Nikajibu kwa furaha kwamba ilisharudi, mwenyewe anayo ndani, debe zima! Akauliza imefikaje. Nikaeleza. Akakohoa sana.

Akasema nimemtolea mzee mahari kwa mali yake mwenyewe, hiyo si mahari wala si malipo. Nimpe debe jingine kabla ya ndoa. Nikaahidi, akaniondolea dhambi. Nililia kweli. Nilijisikia mwepesi mpaka getini.

Ijumaa, 12 Juni
Debe sina. Abdulmajidi hataki kunirudishia asali kwa redio, spika moja imekufa. Winfrida kaniambia ananiamini kuliko mtu yeyote. Nampenda jamani! Nikimkosa nitakufa. Nimezunguka kijiji kizima, mizinga mitupu.

Isipokuwa minne, nyuma ya nyumba ya Padri.

Jumapili, 14 Juni
Jana nimeoa! Mzee Philipo alipoona debe la pili alinikumbatia, akasema hajaona mkwe mkarimu hivi. Kwenye sherehe akajaza chupa kutoka debe hilo, akamzawadia Padri mbele ya watu wote. Padri akaonja. Akaonja tena. Akanitazama mpaka nikaweka sahani ya wali chini.

Kesho alfajiri nawahi kuungama kabla hajaniuliza. Akishaisikia kitubioni inakuwa siri, hawezi kumwambia mtu. Na akisema nirudishe, jibu ninalo: chupa si anayo?