Ni Draiva Tu, Mama

Daktari hakuwahi kutibu mtu wala mbuzi. Jina hilo alijipachika mwenyewe siku aliponunua koti jeupe la mtumba, na kwa kuwa hakuna aliyebisha, likamkaa. Hospitali yake ilikuwa meza moja chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Wagonjwa wake walikuwa laptopu, na waliougua zaidi baada ya kumwona walikuwa wenye laptopu.

Alikuwa na dawa mbili. Laptopu ya magemu iliyokufa chipu ya picha, ile inayochora kila kitu kinachoonekana kwenye kioo, aliinunua kama chuma chakavu, akaipuliza chipu kwa bloa ya moto mpaka ikazinduka. Ilizinduka kweli, ila kwa wiki mbili tatu tu, na hilo Daktari aliliweka moyoni. Kwenye chipu aliyokwisha kuipuliza alitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, asije akaipuliza tena kwa kusahau, maana ikipulizwa mara ya pili haimalizi wiki. Halafu alibandika stika ya USIFUNGUE juu ya skrubu, akauza.

Mnunuzi alirudi akilalamika kwamba gemu likikolea kioo kinazima, kikiwaka kinaandika kuwa draiva ya picha imeacha kufanya kazi. Hapo ndipo dawa ya pili ilipotoka. "Ni draiva tu!" Na draiva, kwa asiyejua, ni programu inayoiambia chipu cha kufanya. Daktari aliiondoa, akaiweka upya, akamrudisha mtu nyumbani na matumaini. Mtu alirudi mara ya pili, ya tatu, mpaka akachoka au akafungua mashine kwa hasira. Akifungua, stika imechanika, na dhamana kwaheri.

Sasa juu ya ngazi zile palikuwa na ukumbi wa magemu wa jamaa mmoja mnene aliyeitwa Mwenyekiti, na kando ya ukumbi palikuwa na chumba kitupu chenye mlango wa kioo, kinachotazama barabara. Daktari alikitamani chumba kile mpaka akawa anakiota. Mwenyekiti alijua.

"Jumamosi mchana nina fainali ya mashindano," alimwambia. "Nataka laptopu moja ya nguvu. Isizime hata mara moja. Ukiniletea, ufunguo wa chumba ni wako."

"Na ikizima?"

"Ikizima utahama hata hapo chini ya ngazi."

Daktari alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Laptopu nzima, isiyopulizwa, alikuwa nayo moja tu, ya kwake mwenyewe, nayo aliipenda kuliko jamaa zake wengi. Hiyo hampi mtu.

Jumatano asubuhi akatokea mama mmoja mtu mzima, mkoba kwapani, kucha zimepakwa zambarau iliyokolea kama bilinganya. Daktari alizitazama zile kucha akajisemea, huyu ameshikwa na ujana jioni, huyu halali yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Daktari? Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini, mashine hizi sizijui. Hii ni ya mtoto wa kaka yangu, anaichezea magemu. Ameniambia, Shangazi, nipelekee, mimi imenishinda."

Shangazi akatoa laptopu. Daktari akameza mate. Ilikuwa ya aina anayoijua vizuri, ya nguvu, imevalishwa karatasi nyeusi ya kunata juu mpaka chini, na stika ya USIFUNGUE ipo juu ya skrubu, haina hata mkunjo. Haijaguswa! Ndani ya droo ya Daktari mlikuwa na roli la stika kama hizo, elfu moja, alizozinunua sokoni kwa mkupuo kama awezavyo yeyote. Lakini mwongo naye ana imani yake, na Daktari aliziamini stika.

Akaiwasha, akafungua gemu. Dakika ya tatu kioo kikazima, kikarudi na ujumbe ule ule: draiva ya picha imeacha kufanya kazi. Akachungulia draiva, na moyo ukamruka. Ilikuwa ya mashine nyingine kabisa! Mtoto wa watu kaibandika tu bila kusoma. Kuiondoa na kuweka inayostahili ni kazi ya dakika kumi, tena ukiwa unapiga miayo.

Akavua miwani, akaikunja taratibu kama anayeleta habari za msiba.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa, baba. Hujaniona?"

"Chipu imekufa."

"Haa! Si draiva tu? Mtoto aliambiwa ni draiva tu."

"Aliyemwambia hivyo ni tapeli, mama. Mji umejaa matapeli." Alisema kwa uchungu wa kweli, kwa sababu ushindani ulikuwa unamkera. "Hii haitibiki. Lakini kwa kuwa wewe ni mzazi, nitakusaidia. Niachie nitoe skrubu na vipuri, nikupe ile ya pembeni pale, ya kuandikia barua."

Shangazi akaitazama ile ya pembeni, ambayo ilikosa vitufe vitano, kisha akaitazama nyingine, iliyokuwa upande wa Daktari mezani, ikiwaka kimya.

"Na hiyo?"

"Hii ni yangu ya kazi, mama."

"Basi." Akaanza kuirudisha laptopu mkobani. "Kuna fundi mtaa wa pili, nikamsikie na yeye."

Daktari akaona mlango wa kioo unajifunga mbele ya pua yake. Fundi wa mtaa wa pili angeiona draiva ile akiwa amefumba jicho moja. Akaishika laptopu upande wa pili, wakawa wanaivuta kwa adabu.

"Mama, mama! Heshima yako. Chukua yangu."

"Sitaki kukuumiza, baba."

"Nimeridhika!"

"Basi tuandikiane. Mimi mwalimu, napenda karatasi." Akatoa daftari, akaanza kusoma imla, na Daktari, koti jeupe na yote, akaandika kama mtoto wa darasa la nne. "Mimi Daktari nimeipima mashine hii kwa mikono yangu. Chipu imekufa, na nimejua imekufa. Nimebadilishana kwa hiari, sitarudi kulalamika. Mwandiko, baba. Herufi zisipande mlima. Haya, saini."

Akasaini. Mtu aliyepata bahati ya namna ile hasomi, anasaini tu.

Shangazi alipotoweka, Daktari alicheza kidogo pale chini ya ngazi, peke yake. Akaiondoa draiva ya uongo, akaweka ya kweli, akafungua gemu. Saa nzima picha zilitiririka bila kukwama. Kuifungua na kuikagua? Kuifungua ni kuchana stika, na mashine yenye stika ndiyo Mwenyekiti atakayoiheshimu. Akaipeleka juu akiwa ameibeba kwa mikono miwili. Mwenyekiti akaijaribu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akautoa ufunguo mfukoni na kuurudisha.

"Jumamosi," alisema.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kijana mmoja, mchezaji wa Mwenyekiti, alikaa kwenye laptopu aliyoileta Daktari. Mpinzani wake, aliyewatoa wote tangu asubuhi, alikuwa binti mwembamba mwenye laptopu yake mwenyewe, na Daktari alipoitazama laptopu ile akaona ni ile ya kwake. Alikuwa anaijua kila mkwaruzo. Nyuma ya kiti cha binti alikaa Shangazi, mkoba magotini.

Dakika ya kumi na moja, kijana wa Mwenyekiti akiwa anaongoza, kioo chake kilijaa miraba midogo ya kijani na mistari. Kikazima.

"Ni draiva tu!" Daktari alikuwa ameshafika, ameshapiga magoti. Akawasha. Ujumbe. Akawasha tena. Ujumbe. Mara ya tatu ukumbi mzima ukampokea kwa kibwagizo, "Ni draiva tuuu!" na mara ya nne hapakuwa na ujumbe, wala mwanga, wala chochote. Feni ilikoroma ikanyamaza.

"Ifungue," alisema Mwenyekiti.

"Itachanika stika..."

"Fungua, wewe!"

Daktari akaichana stika, akatoa skrubu, akainua kifuniko. Chipu ya picha ilikuwa pale katikati, na juu yake ilikuwa nukta nyekundu. Akaijua. Aliitia mwenyewe, siku chache kabla ya kumuuzia binti mmoja mwembamba aliyerudi mara nne, na mara zote nne akaambiwa ni draiva tu. Kando ya nukta nyekundu ilikuwa nyingine, mpya, inang'aa bado, zambarau kama bilinganya.

"Mama," Daktari alisema kwa sauti ndogo, "imepulizwa mara mbili. Mmeniibia."

Shangazi akavaa miwani, akakunjua karatasi, akaisoma kwa ile sauti inayonyamazisha watoto sitini. Alipofika kwenye "nimejua imekufa", watu walishikana mabega kwa kucheka, na hata Mwenyekiti, aliyekuwa na hasira zake, alilazimika kutazama ukutani.

"Hakuna aliyekuibia," alimaliza. "Jumatano ile ndiyo siku pekee uliyompa mteja ukweli. Bahati mbaya hukujua."

Mwenyekiti akamtazama binti. "Nani aliyeipuliza mara ya pili?"

"Mimi. Stika na draiva pia ni mimi."

"Unajua na kutengeneza, au kuua tu?"

"Natengeneza. Na nafungua mbele ya mwenyewe."

Ufunguo ukatoka tena mfukoni. Daktari akaufuata kwa macho mpaka ulipotua kwenye kiganja cha binti.

Jioni hiyo akawa anakusanya vitu vyake chini ya ngazi: bloa, ile laptopu ya vitufe pungufu, roli la stika. Shangazi akapita akishuka, akasimama, akafungua mkoba. Akamwekea mezani kichupa cha rangi ya kucha, zambarau, kimebaki nusu.

"Utakihitaji huko uendako," alisema. "Ila wewe, baba, usisahau kufungua mashine kwanza."