Bi Mwamvua na Mchwa Aliyevamia Kitabu cha Ngao

Tegeni masikio, enyi wa Miyuji, nanyi wa Mpwapwa hata Kondoa. Aliye na sufuria motoni na aiepue, aliyeshika simu na aiweke chini, kwani habari hii haisikilizwi nusunusu. Nawasimulia vita vya Bi Mwamvua binti Mustapha, karani mstaafu wa masjala, simba jike wa mafaili, mlinzi wa Kitabu cha Ngao.

Kitabu hicho kilichapwa Ulaya karne ya kumi na sita, kikafungwa kwa jalada la mbao, na kurasa zake zimejaa ngao za koo za kifalme zilizotiwa rangi kwa mkono: simba wasimamao kwa miguu miwili, tai wa vichwa viwili, na samaki mmoja mwenye taji ambaye hakuna ajuaye alitawala nini. Babu yake Bi Mwamvua, mfanyabiashara wa misafara, alikipata Mpwapwa kwa mmisionari aliyekuwa akirejea kwao, akamlipa kwa punda mmoja. Tangu hapo, mkono wa asiye wa ukoo haukuwahi kukigusa.

Na mkono uliokitamani kuliko yote ulikuwa wa Mzee Sila, bwana mifugo mstaafu wa Mpwapwa, aliyekuwa na nakala ya kitabu kilekile, ila isiyo na jalada wala kurasa arobaini za mwanzo. Katika nyanda zote za kati walikuwapo wakusanyaji wawili tu wa vitabu vya ngao, na wawili hao hawakupatana. Mwaka juzi, kwenye harusi moja, Mzee Sila alitamka mbele ya watu kwamba kitabu cha Bi Mwamvua ni kizima kwa sababu hakijawahi kusomwa. Neno hilo lilimkaa Bi Mwamvua kooni kama mwiba wa perege.

Jumamosi moja Mzee Sila akashuka kwenye bodaboda mlangoni pa Bi Mwamvua, huko Miyuji, baada ya barua tatu za kuomba kutazama tu.

"Shikamoo, Mzee Sila."

"Marahaba, Bi Mwamvua. Nimekuja kwa amani."

"Amani ikae kwenye kiti kile, na mikono ikae mapajani."

Bi Mwamvua akatandika kitambaa cheupe, akakifunua kitabu. Ndipo kutoka ndani ya ule ubao wa jalada akatokea mchwa. Alikuwa mmoja, laini, hana upanga. Akapita chini ya miguu ya simba, na simba hakuinua ukucha. Akampita tai, naye akamtazama kwa vichwa vyote viwili asifanye lolote. Kisha akaelekea kwenye taji la samaki, taya wazi.

Bi Mwamvua akavua miwani, akaishika juu ya ukurasa kama kioo cha kukuzia, kwani kule masjala aliwahi kuona kabati zima la mafaili likigeuka udongo, na balaa lile lilianza na mchwa mmoja.

"Mpulize," akasema Mzee Sila.

"Wewe unabwia ugoro, Mzee wangu. Rangi hizi ni za maji. Zimeishi miaka zaidi ya mia nne bila kuonja mate ya mtu, na hazitaanza leo."

"Basi mbonyeze."

"Nimbonyeze juu ya taji, utumbo wa mchwa uwe muhuri wa ufalme?"

Akachomoa rafuni kadi ya mwaliko wa harusi, ngumu, yenye kingo za dhahabu, akaishika kama jambia. Adui akainusa hatari, akatumbukia katika mkunjo kati ya kurasa mbili. Sasa kitabu kilihitaji kutanuliwa kwa mikono miwili, na ya Bi Mwamvua ilikuwa na kadi na miwani. Akamtazama Mzee Sila. Akamfikiria babu yake, akamfikiria hata punda. Moyo ukapigana na moyo.

"Kanawe mikono," akasema.

Mzee Sila akanawa hadi viwikoni. Mikono iliyozalisha ng'ombe mia tatu ikakishika kitabu na kukitanua.

"Usipumue."

"Sipumui."

"Wala usisome."

"Nimefumba macho, Bi Mwamvua."

Kadi ikashuka mara ya kwanza, adui akakwepa. Mara ya pili akageuka nyuma. Mara ya tatu akapanda mwenyewe juu ya dhahabu, akidhani ni ufalme mwingine. Bi Mwamvua akatembea naye hadi mlangoni kama abebaye bakuli la mchuzi uliojaa pomoni, akamrusha uani, na kuku akammeza bila kujua alichomeza. Ndipo Bi Mwamvua akapiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani.

Jirani yake, Elieth, akachungulia juu ya ua. "Kuna harusi, jirani?"

"Tumemtoa mchwa."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Elieth akarudi kufua.

Ndani, Mzee Sila alikuwa bado amefumba macho, amekishika kitabu.

"Fumbua," akaambiwa.

Akafumbua, na mbele yake palikuwa na ukurasa ambao katika nakala yake haukuwapo. Akautazama mpaka chai aliyoandaliwa ikapoa.

"Yale niliyosema harusini," akasema kwa sauti ndogo, "niliyasema kwa wivu."

"Nilijua. Haya, geuza. Mmoja tu."

Basi wenye kuandika tarehe za nchi na waandike: Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, huko Miyuji, mchwa mmoja alishindwa, ukurasa mmoja uligeuzwa, na upande wetu hakujeruhiwa mtu.