Magoti Yaliyocheza Polka Mbele ya Mtaalamu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kutathmini Mafao ya Lazima ya Bima ya Afya,
Prague.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itawakuta wewe na wanakamati wote mkiwa na magoti mazima. Mimi ni Oldřich Vaculík, seremala mstaafu wa Přerov. Nasikia mnataka kuyafuta matibabu ya chemchemi za maji moto kwenye mafao ambayo bima inalazimika kutulipia sisi wenye magoti mabovu. Nimekasirika, lakini nitasema kwa adabu.

1. Mtaalamu wenu alikuja kutupima huko chemchemini alasiri, saa ya dansi. Akatukuta tunacheza polka, akaandika kwamba hatuumwi. Asubuhi, tuliposhuka ngazi kinyumenyume tukishikilia ukuta, yeye alikuwa bado anakunywa kahawa. Tukipona mnasema hatukuumwa. Tusipopona mnasema tiba haifai. Sasa tushike lipi, tuache lipi?

2. Mnadai ushahidi kwamba tiba inasaidia. Ushahidi ni Bi Ludmila Šebestová, mjane wa Jihlava, ninayekutana naye huko kila mwezi wa tano. Tunatembea barazani tukinywa yale maji ya chemchemi yanayonuka yai viza, kila mtu na kikombe chake chenye mdomo wa birika, na mimi nayamaliza. Mwanamume anayemaliza maji yale huku akitabasamu amepata nafuu, hata asiyesomea udaktari anaona.

3. Kwa hiyo msipunguze, ongezeni. Dansi iandikwe na daktari, kutwa mara mbili baada ya chakula. Mpiga kodiani naye alipiwe na bima, maana siku akiugua yeye tunaugua sote.

4. Mwenza wa dansi awe fao la lazima, na asibadilishwe kwa mwingine wa bei nafuu kama mnavyotubadilishia vidonge. Siku Bi Ludmila alipopata mafua nilipewa Bwana Kubát. Goti lilivimba mpaka Jumapili.

Mkilifuta fao hili, Ndugu Mwenyekiti, sitamwona tena Bi Ludmila. Jambo lenyewe ni hilo, mengine nimeyapamba.

Nisalimie wanakamati, mtaalamu wenu, na yule mama anayepokea simu zangu bila kununa.

Wako mtiifu mwenye maumivu,
Oldřich Vaculík

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nilimpigia simu Bi Ludmila nikamsomea barua hii, ajue ninavyompigania. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee Oldřich, yaani serikali nzima inajua unanipenda, mimi ndiyo kwanza nasikia leo? Na treni ya huku kwetu ipo kila siku. Nani kakwambia mpaka uandikiwe na daktari?"

Namalizia mistari hii stesheni. Nimekuja mbio, na sikumbuki kama goti liliuma. Fao lenu lifuteni mkitaka. Treni imeingia.