Gari Lililomsahau Daktari Wake

Siku Mawimbi alipogundua kwamba watu hawasomi vijitabu, maisha yake yalinyooka kama suruali iliyotoka kupigwa pasi.

Kijitabu chenyewe alikiokota kwenye gari bovu, gereji alikokwenda kutafuta kioo cha pembeni. Kilikuwa ndani ya kisanduku cha dashibodi, kurasa bado zimeshikana. Ukurasa wa themanini na moja ulieleza, kwa lugha ya kumwelewesha hata mbuzi, kwamba rimoti mpya ya gari haihitaji fundi wala kompyuta. Jifungie garini. Washa swichi na kuizima mara sita. Kisha bonyeza kila rimoti unayotaka itambulike, na kwa kila moja milango itaitika. Chini, kwa herufi nene: rimoti ambayo haikuwepo wakati huo itasahauliwa.

Mawimbi akatazama kushoto, akatazama kulia, akakitia kijitabu kifuani. Wengine huokota dhahabu. Yeye aliokota uvivu wa wenzake.

Mteja wa kwanza alijileta mwenyewe. Mama Shela, mshonaji wa magauni ya harusi, alikuwa mlangoni kwake anamlalamikia jirani.

"Rimoti tu, gereji wananiambia wiki mbili! Na gari likalale kwao kama mzazi wodini!"

"Pole, mama," ikasema sauti laini kama mafuta ya nazi. "Mimi natibia nyumbani kwa mgonjwa."

Mama Shela akamwangalia kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe nani?"

"Watu huniita Daktari wa Rimoti. Mimi mwenyewe sijiiti hivyo, nitaonekana najisifu."

Kesho yake alifika na gari lake, la aina moja na la Mama Shela, rangi tu ndiyo iliyowatenganisha ndugu hao. Akashusha blanketi, na redio mbovu aliyoifungia taa mbili, nyekundu na kijani. Hiyo ndiyo kompyuta.

"Una kifuniko cha sufuria, mama?"

"Cha nini?"

"Mawimbi ya rimoti yakikosa gari huingia kifuani. Shika kifuniko moyoni, piga hatua kumi, utazame ukuta."

"Cha sufuria ya kila siku au ya wageni?"

"Ya wageni. Kifuniko chake kizito."

Mama Shela akasimama ukutani na ngao yake. Mawimbi akafunika vioo vyote kwa blanketi, maana dawa ikionekana inavyochanganywa hailipiwi. Alipekua kwanza kisanduku cha dashibodi: kila gari alilotibu alilipora kijitabu chake, asije mgonjwa akajifunza udaktari. Humo hakukuta kitu, akashukuru. Akawasha na kuzima mara sita. Akabonyeza rimoti ya zamani, milango ikaitika, ka-chaa. Akabonyeza mpya, ka-chaa. Kisha akatoa ya tatu kwenye soksi, akaibonyeza nayo. Ka-chaa.

"Daktari," Mama Shela akauliza akiwa bado anatazama ukuta, "rimoti zangu ni mbili. Mbona limeitika mara tatu?"

Mtu aliyehesabu mishono kwa sikio miaka thelathini hana dogo. Lakini Mawimbi hakuwahi kukosa jibu tangu azaliwe.

"Ya tatu ni shukrani, mama."

Rimoti ya shukrani ilibandikwa namba ya gari, ikalala kwenye bati la biskuti kiti cha nyuma cha gari la Mawimbi. Ikapata wenzake kumi, kisha ishirini. Na hapo, ndugu zangu, mji ukaingiwa na ugonjwa ambao hakuna hospitali iliyowahi kuusikia: kichaa cha magari. Mtu anatupa mkoba na funguo kitini, anafunga mlango ili afungue wa nyuma, pa! gari limejifunga. Na dakika tano haziishi ila Daktari anapita, kwa bahati tu, na redio yake yenye taa.

"Mgonjwa anayerudi hulipa mara mbili," alikuwa akieleza kwa huzuni. "Ugonjwa umeshakomaa."

Mama Shela alipatwa siku ya harusi ya binti wa muuza vioo. Gauni lilikuwa limelazwa kiti cha nyuma. Akaweka mkoba, funguo na rimoti zote mbili, akafunga mlango akachukue shela ndani. Upande wa pili wa barabara, Mawimbi, mapovu kidevuni kwa kinyozi, akabonyeza kupitia mfukoni.

Bibi harusi alikaa saa mbili amejifunga kanga. Shangazi za bwana harusi wakaanza kuulizana kama binti ametoroka, na walio wepesi wa ulimi wakataja na nani. Mama Shela alilipa mara mbili bila neno. Alimtazama Mawimbi usoni, akamtazama mfukoni, akaingia ndani. Mawimbi akaona hiyo ni heshima. Hakujua kwamba juma lile mabibi harusi wawili walikwenda kuchukua vitambaa vyao na kuhamia kwa mshonaji mwingine, na kwamba mama yule, akigeuza cherehani ili afagie chini yake, alikuta kitu alichokisahau kwa miaka sita.

Mwenyekiti wa madereva teksi ndiye aliyeleta neema kubwa. Kituo kilikuwa na magari thelathini, yote yanataka rimoti. "Lakini nataka kuona kwanza," alisema. "Nyumbani kwa mtu tunayemwamini." Na nani akajitolea uwanja na gari? Mama Shela.

"Limerukwa na akili tena, daktari," alisema kwa unyonge. "Halafu rimoti ya pili imepotea."

Mawimbi moyoni akapiga vigelegele. Magari thelathini! Rimoti thelathini za shukrani! Bati moja lisingetosha.

Siku hiyo uwanja ulijaa. Mwenyekiti na madereva sita walipangwa ukutani kama wanafunzi waliochelewa, kila mmoja na kifuniko kifuani. Aliyekosa kifuniko alipewa sinia. Mama Shela alisimama mwisho wa mstari, karibu na gari la Mawimbi. Mawimbi akaacha ufunguo kwenye swichi ya gari lake na redio ya humo kwa sauti ya juu, watu wasisikie swichi inavyolia kule kwenye matibabu. Rimoti yake alikuwa nayo mfukoni, ya nini wasiwasi? Akaingia gari la Mama Shela, akajifunika na blanketi.

Ndani ya giza lake akasikia redio ikikatika. Ikarudi. Ikakatika. Ikarudi. Mara sita. "Betri yangu inazeeka," akawaza. Kisha ka-chaa! Na yeye alikuwa hajabonyeza kitu. Alishtuka kidogo, lakini daktari hashtuki mbele ya mgonjwa, hata akiwa chini ya blanketi.

Alitoka akijifuta jasho. "Limepona! Geukeni."

Wakageuka. Wakapiga makofi kwa vifuniko, kelele kama jiko limeanguka. Mama Shela alikuwa pale pale mwisho wa mstari, mpole kama sindano ndani ya kitambaa. Mawimbi akanyoosha mkono kulichukua begi lake garini.

Pa!

Gari lake likajifunga. Funguo ndani, begi ndani, bati la biskuti ndani, redio inaimba.

"Kichaa!" akapiga kelele dereva mmoja. "Kimemshika hata daktari!"

Mawimbi akacheka kicheko cha wataalamu, akatoa rimoti mfukoni, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akaipulizia, akaisugua kwenye suruali. Gari lilimtazama kama mkwe asiyependwa.

"Jitibu basi, kaka," mwenyekiti akasema. "Tuone."

"Ni... hali ya hewa."

"Mwanangu," Mama Shela akasema taratibu, "hebu nijaribu mimi." Akanyoosha rimoti yake, ile iliyopotea. Ka-chaa! Milango yote ikafunguka. Akachukua bati la biskuti kabla Mawimbi hajavuta pumzi, akalifunua, akamkabidhi mwenyekiti.

Mwenyekiti akasoma namba ya kwanza. Ya pili. Alipofika ya tano kifuniko kikamdondoka. "Hii namba ni ya gari langu! La nyumbani! Mke wangu alifungiwa nje ya gari na ndoo mbili za samaki juani!"

Madereva wakaanza kukunja mikono ya mashati. Mama Shela akasimama katikati.

"Msimguse. Huyu ni mgonjwa." Akamsogezea Mawimbi kijitabu usoni, chenye kovu la duara jaladani. Kwa miaka sita kilikuwa kimewekwa chini ya mguu wa cherehani ili isiyumbe. "Ukurasa wa themanini na moja," akanong'ona. "Asiyekuwepo husahauliwa. Unataka gari lako likukumbuke, au niwaachie hawa?"

Mawimbi akatazama mikono ya mashati. "Natibiwa, mama."

"Malipo kwanza. Na mgonjwa anayerudi?"

"Mara mbili," akasema Mawimbi kwa sauti ya mbali, akamwaga mifuko yote.

"Na teksi zetu, mama?" mwenyekiti akauliza. "Utatufanyia wewe?"

"Nusu ya bei yake."

"Tuje na vifuniko?"

Mama Shela alifikiri kidogo. "Njooni navyo," akasema. "Vizito."

Akaingia kwenye gari la Mawimbi, akalifunika kwa blanketi la Mawimbi. Daktari wa Rimoti alipewa kifuniko cha sufuria ya wageni, akapiga hatua kumi, akatazama ukuta. Nyuma yake swichi ililia mara sita. Ka-chaa. Akashusha pumzi, rimoti yake ilikuwa imekumbukwa.

Ka-chaa.

Akakaza kifuniko kifuani.

"Mama," akasema bila kugeuka, "rimoti yangu ni moja. Mbona limeitika mara mbili?"

"Ya pili ni shukrani, mwanangu," likajibu blanketi. "Na kifuniko hicho, usikirudishe. Utakihitaji."